Salamu Mbele ya Kinu

Juzi asubuhi, nikitoka kufundisha watoto, nilipita kwa jirani yangu karibu na kivuko cha hapa Kindu. Alikuwa anatwanga mpunga. Ana mimba ya miezi saba. Ya kwanza iliharibika, na mkunga amemwamuru alale kila adhuhuri. Lakini kwetu anayetwanga akisalimiwa huweka mchi chini, akajibu habari za nyumba nzima. Wapita njia ni wengi, na kwa siku nyingi kazi ilikuwa ikimwishia alasiri, hajalala hata kidogo.

Mwanamke mmoja akasimama. "Mama, habari ya nyumbani? Na ya shamba? Na bwana?"

Jirani hakuweka mchi chini, aliutia mkononi mwa yule mwanamke. "Iko muzuri, dada. Twanga, nitakuambia yote."

"Mimi? Niko na haraka, mama!"

"Enda basi."

Akaja mzee mwenye kanzu safi, naye akanyooshewa mchi. "Unataka kutwangisha wazee?"

"Hapana, baba. Nataka kulala."

Mzee akaondoka akinung'unika kwamba adabu imekwisha mjini.

Nami, mwalimu wa adabu, nikafungua kinywa kumuuliza hali yake. Mchi ukanifikia. Nilitwanga kinu kizima, viganja vikawaka moto. Nilipoinua kichwa, jua halijafika utosini, na kutoka ndani nilimsikia akikoroma.

Wasomaji wangu, nilikuwa nimeuliza hali yake, na sijapata kujibiwa vizuri kuliko vile. Tukimtakia heri anayetwanga na hatuna nafasi ya kumsaidia, tumpungie mkono, tupite.