Ncha Nne za Nchi ya Dada

Mama hakuwahi kuniuliza Australia iko wapi. Aliniuliza mipaka yake.

Kwetu, katika milima ya Kivu ya Kusini, ndivyo mtu alivyoeleza anapokaa. Ulisema: juu tumepakana na msitu, chini na mto, huku na shamba la mjomba, huku na njia ya ng'ombe. Aliyesikia mipaka minne aliweza kufika bila kusindikizwa. Dada yetu alitoka kambi ya wakimbizi kwenda Australia na mumewe, na sisi wengine tukaletwa Marekani miaka kadhaa baadaye. Tangu hapo Mama alikuwa na binti anayekaa mahali pasipotajiwa mipaka, na kwa maoni yake mtu wa namna hiyo hana tofauti kubwa na aliyepotea.

Mimi nakaa Louisville, upande wa kusini wa mji, na nafanya kazi katika ghala la vifurushi. Mdogo wangu yuko Buffalo, kiwandani. Mama anakaa Columbus na kitindamimba wetu, binti anayetunza wazee, katika nyumba ya kupanga nyuma ya Morse Road. Kwa kuwa Columbus iko katikati, huko ndiko tunakokutana. Mimi napanda kupitia Cincinnati, mdogo wangu anashuka kando ya ziwa hadi Cleveland kisha anakata kusini, na anayetangulia kufika hupewa chai na lawama za kuchelewa.

Shule niliiacha vita vilipotufikia. Jiografia nimejifundisha mwenyewe kwa vitabu vya maktaba, na nina desturi ya kutoamini jambo mpaka nilione katika vitabu viwili. Swali la Mama nililifanyia kazi hivyo hivyo. Niliporudi Columbus nilimkuta kwenye kiti chake, karibu na dirisha linalotazama mawio.

"Kaskazini ni Rasi ya York," nilimwambia. "Nchi inachongoka pale kama kidole. Magharibi ni majabali matupu, hakuna mji. Mashariki ni Rasi ya Byron, pana mnara wa taa. Kusini ncha ziko mbili."

"Kwa nini mbili?"

"Moja ni ya nchi kavu kubwa. Ukihesabu na kisiwa cha Tasmania, iko nyingine chini zaidi."

"Hicho kisiwa ni chao?"

"Ni chao."

"Basi mpaka ni ule wa chini. Mtu hahesabu shamba lake akaacha kipande kilicho ng'ambo ya kijito."

Nilimweleza pia kwamba vitabu vinabishana kama Australia ni bara au kisiwa. Akauliza kama maji yanaizunguka yote. Nikasema ndiyo. Akasema hao wenye vitabu wana nafasi ya kubishana. Kilichomfurahisha zaidi ni mlima. Nilimwambia kwamba kilele kirefu kuliko vyote katika bara lile ni kifupi kuliko malisho tuliyochungia ng'ombe.

"Nchi kubwa hivyo?" aliuliza.

"Kubwa hivyo, na ni tambarare. Katikati ni jangwa."

"Maskini mtoto wangu. Anakaa bondeni."

"Bon, na sisi tunakaa wapi?" mdogo wangu alisema, akichanganya Kifaransa kama kawaida yetu. "Buffalo kuna mlima gani? Mlima pekee ninaoujua ni ule wa theluji ambao wafagiaji barabara wanausukumia mbele ya gari langu."

Tangu siku hiyo Mama aliitaja mipaka ile minne katika sala zake, kwa mpangilio nilioutumia mimi. Lakini kuna jambo lililonisumbua. Kwetu mzazi humwombea msafiri akiwa ameelekeza uso kwenye njia aliyoshika. Dada alipotoka kambini basi lilielekea mawio, na ndege yake ikaelekea huko huko. Mama alipofika Marekani aliendelea kutazama mawio. Mtu aliyezoea kumtazama msafiri akipotea nyuma ya kilima hana sababu ya kuwaza kwamba, ukihama wewe, njia yake nayo inahama.

Nilinunua tufe la dunia katika duka la vitu vilivyotumika. Nilifunga uzi pale Columbus, nikauvuta hadi mji wa dada, ulio bara kidogo, nyuma ya pwani ya mashariki. Uzi uliopita Afrika ulikuwa mrefu zaidi. Ule mfupi ulitoka upande wa machweo, ukavuka Amerika yote, kisha bahari kuu. Nilirudia mara kadhaa nikiwa nyumbani, ndipo nikampelekea.

Mama aliutazama uzi, akaugusa, akaniachia.

"Huku kwako kuna nini katikati?" aliuliza, akionyesha njia ya machweo.

"Maji."

"Na huku kwangu?"

Nilifuata njia yake kwa kidole: bahari, Afrika, milima yetu, bahari nyingine.

"Sala yangu inapita pale alipolala baba yenu, inamsalimia, ndipo inaendelea kwa mtoto. Wewe unataka ipite majini peke yake?"

 Tufe nililiweka juu ya kabati la televisheni.

Mwaka ule daktari alimkataza Mama safari ndefu za ndege, kwa sababu ya damu iliyokuwa imeganda mguuni. Dada akaomba viza ya kuja kututembelea, ikakataliwa. Aliambiwa anaweza kuomba tena, lakini Mama hakulisikia lile neno "tena". Alianza kuacha chakula nusu. Kitindamimba alinipigia simu nikiwa mapumzikoni ghalani, akaniita kwa jina la kwetu la ndugu mkubwa: "Yaya, donc mje. Ameacha kutaja mipaka."

Tulikwenda wote wawili, mimi na mdogo wangu. Tulimkuta kitini, na sahani yake ikabaki nusu. Baadaye, vyombo vikioshwa, ndipo aliponiita.

"Ncha ya mashariki ulisema ni ipi?"

"Rasi ya Byron."

"Mbele yake kuna nchi ya nani?"

"Hakuna nchi kubwa. Visiwa vidogo vidogo. Halafu ni huku."

"Basi huo ni mto," alisema. "Mwambieni ashuke mtoni."

Sisi watatu tulielewa, kwa kuwa tulikulia huko. Katika majira ya mvua mto ulipofurika, hakuna aliyevuka. Binti aliyeolewa ng'ambo alituma habari kwa wachungaji, na siku waliyokubaliana alishuka hadi ukingo wa kwao, na mama yake hadi ukingo wetu. Maji yalipiga kelele, hawakusikizana. Waliinua mikono. Kama kulikuwa na mtoto mchanga, aliinuliwa aonekane. Kisha kila mmoja akapanda mlima wake. Hiyo ilihesabiwa kuwa ziara kamili. Ukimuuliza mama huyo habari za binti yake, alijibu: nimemwona.

Dada alikubali bila kuuliza swali hata moja. Kutoka kwake hadi rasini ni saa kadhaa za gari, kwa hiyo yeye na mumewe walilala kwa marafiki wa kanisa karibu na pwani. Asubuhi yao ilikuwa jioni yetu ya siku iliyotangulia. Simu ililia, tukamwona usoni, kitambaa cha kichwa kikipepea. Nyuma yake mnara mweupe, mbele yake uzio mfupi na bahari.

"Mama, upepo huu utanitupa," alisema. "Nimefika mwisho. Mbele hakuna kitu."

"Simama vizuri," Mama alimwambia. "Usikaribie ukingo sana, maji si ndugu."

Alikuwa kwenye kiti chake, simu mkononi, uso kwenye dirisha la mawio kama siku zote. Mdogo wangu, ambaye hajui kunyamaza, akasema, "Lakini Mama, unampa mgongo. Yeye anakutazama wewe, wewe unatazama parkingi."

Nilimkanyaga mguu. Mama alinitazama mimi, si yeye.

"Ule uzi wako ulipita wapi?"

Nilionyesha dirisha la jikoni.

 Midomo yake ilisogea, nikajua ni baba anayeambiwa neno. Kisha akasema, "Nigeuzeni."

Tulimbeba na kiti chake hadi jikoni. Dirisha lile linatazama nyuma ya duka la vyakula vya Kiafrika, mapipa na maboksi, na juu yake jua la jioni lilikuwa limeshuka likampiga usoni. Simu alikuwa ameiacha kwenye kochi. Aliinua mikono yote miwili, akaishikilia juu.

"Mama yuko wapi?" sauti ya dada ilitoka kwenye kochi. "Naona dari tu."

"Amekuacha hapa," kitindamimba alimjibu. "Yuko dirishani anakusalimia."

 Picha ilitikisika, ikaonyesha majani, kisha mbingu peke yake. Dada alikuwa ameiweka simu chini. Kwa muda tulisikia upepo wa huko, na huku bomba la jikoni likidondoka, na hakuna aliyelifunga. Nilijua mikono yake imekaa vipi bila kuiona.

Mama aliposhusha mikono alipangusa macho, kwa kuwa jua lilikuwa kali.

"Nimemwona," alisema.

Alikula akamaliza. Hakuturuhusu kukirudisha kiti mahali pake. Nilikuwa nimevaa koti nianze safari ya Louisville aliponiuliza, "Hapa si ukingo. Hapa ni jikoni. Ukingo wetu wa upande ule uko wapi?"

"Mbali, Mama. Ni baada ya milima. Kwa gari ni siku kadhaa."

"Daktari alikataza ndege," alisema. "Gari hakulitaja."

Mdogo wangu alianza kusema kitu kuhusu kazi ya Jumatatu, akaacha. Mimi nilivua koti, nikashusha tufe kutoka juu ya kabati, nikatafuta uzi.