Ijumaa na Kiti cha Mbele

Nilipokuwa nikifanya kazi Maskati, katika nyumba moja ya Ghubra, haja yangu ilikuwa moja tu: Ijumaa. Chakula hakikuwa tatizo, nilikula walichokula wao. Mshahara nao ulikuja, mara nyingine ukichechemea, lakini ulikuja. Nilichotaka ni kutoka Ijumaa asubuhi nikasali na wenzangu wa Tanga na Moshi na kwingineko, kisha tukae tucheke na kusengenyana kama binadamu. Kule hata makanisa husali Ijumaa, maana Jumapili watu wako kazini. Na bahati yangu mbaya, Ijumaa ndiyo siku ambayo ukoo wote wa nyumba ile, kutoka Sib mpaka Yiti, ulikuja kula mchana kwa Bibi, mwenye nyumba. Wenzangu wakiwa wanaimba, mimi nilikuwa nasugua sufuria ambayo mtu mzima angeweza kuogea ndani yake.

Sikuwahi kuomba. Ningeanzia wapi? Bibi hakuwa mtu mbaya. Alizaliwa Unguja, akahama baada ya mapinduzi, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu hata akikugombeza unatamani aendelee. Alikuwa mweusi kunizidi. Nalisema hili mapema kwa sababu lilikuja kunivuruga akili.

Mwishoni mwa miaka ya tisini mjukuu wake wa kike alirudi likizo kutoka Marekani alikokuwa anasoma. Alirudi na nywele fupi, maneno mengi na kanda ya video. Siku moja baada ya magharibi akatuita sebuleni, Bibi na mimi, tuone jinsi watu weusi wa kule walivyopigania haki zao. Nilikwenda kukaa kwenye zulia kama kawaida yangu. Akanishika mkono, akaniketisha kwenye kochi ubavuni mwa Bibi. Bibi akanitazama, akasogea kidogo, akarudisha macho kwenye televisheni.

Mjukuu alitutafsiria. Tuliona mabasi ambayo weusi walitakiwa kukaa nyuma, na Mzungu akikosa kiti, mweusi ainuke ampishe. Tuliona watu wamegoma kuyapanda, zaidi ya mwaka mzima, wafuaji na wapishi wanakwenda kazini kwa miguu. Tuliona wanafunzi wamekaa kimya kwenye mkahawa wa Wazungu, wanamwagiwa sukari kichwani na hawanyanyuki. Mimi nilisahau hata kumeza mate.

"Hao wanataka nini?" Bibi akauliza.

"Haki yao, Bibi."

"Na wakishaipata?" Bibi akamgeukia mjukuu. "Nnauliza kwa sababu na kwetu walisema haki. Sie tukatoka na nguo za mwilini."

Halafu zikaja picha za polisi wanawapiga watoto kwa mipira ya maji ya zimamoto, mtoto wa kike anaviringika barabarani. Bibi akapiga kelele, "Ya Rabbi, watoto wa watu!" Akalia, machozi ya kweli. Akaamuru kanda izimwe. Ilipozimwa akaamuru iwashwe. Sikujua yuko upande gani, na nadhani hata yeye hakujua.

Nilikwenda kulala kichwa kinanizunguka. Katika kanda ile kila mtu alijulikana mahali pake: huyu ndiye anayeonea, yule ndiye anayeonewa, na rangi iko wazi. Lakini nyumba hii? Mwenye nyumba mweusi kuliko mimi, naye anasema alidhulumiwa kabla yangu. Tunasema lugha moja, tunakula samaki mmoja. Humu ndani Mzungu ni nani? Nilimtafuta kila chumba nisimwone. Na bado asiyetoka Ijumaa nilikuwa mimi.

Wiki ile ile tukapanga kwenda Sib kununua samaki. Gari lilikuwa kubwa, lenye safu tatu za viti, na utaratibu wake ulikuwa hivi: akiendesha dereva, Bibi na mjukuu wanakaa katikati, mimi nyuma kabisa na vikapu, na kiti cha mbele kinabaki kitupu. Nilikipenda kiti changu cha nyuma. Hakuna aliyenisemesha, na nililala usingizi mzuri mpaka Sib.

Mjukuu akasimama mlangoni pa gari. "Dada, leo unakaa mbele."

"Mbele wapi?"

"Mbele, wallahi! Hukuona ile kanda?"

Niliiona vizuri sana. Ila kwenye basi lile mbele ndiko kwenye heshima, na kwenye gari letu mbele ni ubavuni mwa mwanaume ambaye si baba, si kaka, si mume. Bibi mwenyewe hajapata kukaa pale akiendesha dereva. Nikamtazama anisaidie. Alikuwa anaweka sawa baibui lake. "Msinitie mie katika mambo yenu ya Amerika," akasema.

Nikapanda. Dereva, Mhindi wa Kerala, mtu mzima aliyekuwa hata salamu ananipa akitazama chini, akanitupia jicho mara moja tu. Akazima gari, akashuka, akaenda kusimama juani.

"Mama mbele hapana," akasema. "Mama nyuma. Watu sema mbaya."

Mjukuu akamweleza habari ya usawa kwa Kiarabu, akahamia Kiingereza, akamalizia na Kiswahili. Dereva kakunja mikono, jasho linamtoka, hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Nikajiambia, haya, mgomo ndio huu tumeletewa, lakini anayegoma ni dereva na anayegomewa ni mimi.

Mwishowe akaendesha, kajibana mlangoni mpaka nikaogopa ataanguka nje. Tulipofika Sib, pale pale kwenye samaki, wanawake wawili wa Tanga wakaniona nikishuka kiti cha mbele. Kesho yake naanika nguo, jirani yangu wa nyumba ya pili, naye mtu wa kwetu, akanichungulia juu ya ukuta.

"Hongera shoga. Tumesikia umepata bwana, unatembezwa mbele mbele."

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Habari ile ingezungumzwa Ijumaa, baada ya sala, na mimi Ijumaa sina, kwa hiyo wangeniozesha na kunizalisha watoto watatu bila mimi kuwepo wa kukana. Na nimkasirikie nani? Yule binti alinitendea wema kwa moyo wake wote. Sikuwa na haki ya kumkasirikia, na nilimkasirikia hivyo hivyo.

Nikawa nabamiza vifuniko. Akaja jikoni, Bibi nyuma yake.

"Dada, nimekukosea?"

"Hapana."

"Muulize anataka nini," Bibi akasema. "Toka umefika wewe wampa tu, hujamuuliza."

Akaniuliza. Nikasema, bila hata kugeuka, "Nataka Ijumaa."

"Ijumaa?" akashangaa. "Lakini Ijumaa watu wote wanakuja, nani ata..." Nikamwona anayasikia maneno yake mwenyewe, uso umemshuka. Bibi akacheka mpaka akashika meza.

"Haya, bibi haki! Hicho ndicho kiti cha mbele. Mpe sasa."

"Khalas, basi," mjukuu akasema, kidevu juu. "Nitapika mimi."

Ijumaa ile nikaenda. Niliimba, nikamkana yule bwana wa kuzushiwa kwa sauti kubwa mbele ya mashahidi, nikacheka mpaka mbavu zikaniuma. Lakini katikati ya mahubiri nilikuwa nawaza wali: ameuwekea maji kiasi gani yule mtoto? Nikajichukia kwa kuwaza, na nikaendelea kuwaza.

Nilirudi jua linaelekea kuzama. Mjukuu akanikimbilia getini, bizari imemwagikia shati lote, akanikumbatia. Alikuwa amefurahi kwa ajili yangu, wala hakuwa anaigiza. Nikaingia jikoni. Vyombo vya ukoo mzima vilikuwa pale, kwenye sinki, mezani, sakafuni, na sufuria kubwa imeungua hadi ukingoni.

"Hatukugusa kitu," akaniambia. "Nilimkataza kila mtu asikuvurugie jiko lako."

Sikujua nicheke au nilie. Nikafunga kanga kiunoni, nikafungulia maji. Alibaki amesimama nyuma yangu.

"Ijumaa ijayo utakwenda tena?" akauliza, na sauti yake ilikuwa inaomba niseme hapana.

"Nitakwenda," nikamwambia, nikamwekea mkononi steelwool ya kusugulia sufuria. Akaishika, akaigeuza huku na huku, akaniuliza inaanzwa vipi.