Pampu ya Shangazi kule Nyamuswa

Mimi ndiye niliyemshauri shangazi auze pampu ya petroli. Naanza na hilo kwa sababu mengine yote yalitokana nalo. Nafundisha fizikia Musoma, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwaeleza wanafunzi jinsi nchi inavyohama polepole kutoka kwenye kuchoma mafuta kwenda kwenye maji, upepo na jua. Ni mada rahisi kufundisha. Ubaoni hakuna ng'ombe mwenye kiu.

Shangazi, dada wa baba, anaishi Nyamuswa na alikuwa na ng'ombe kumi. Kisima chake hakikauki, ila ni kirefu. Petroli ilitoka Bunda kwa bodaboda, ndani ya madumu, na siku ambayo haikufika ng'ombe walikaa getini wakilia. Nikamweleza mpango wangu: paneli nne juu ya nguzo za chuma, pampu iliyozamishwa kisimani, tangi juu ya mnara. Betri haihitajiki. Jua likiwaka pampu inavuta, tangi linajaa, jioni ng'ombe wanakunywa kilichovutwa mchana.

"Badala ya kuweka akiba ya umeme, unaweka akiba ya maji," nilimwambia.

"Hapo nimeelewa," alisema. "Maji nayaona. Umeme sijawahi kuuona."

Fundi alifunga mitambo kwa siku mbili. Pampu ya zamani ikanunuliwa na jirani, mzee mwenye mizaha, ambaye aliibeba kwenye toroli akiimba.

Majuma ya mwanzo tangi lilifurika. Kisha kiangazi kikakolea na maji yakaanza kupungua, kidogo kila wiki. Shangazi alinipigia simu mara tatu. Kila mara nilimuuliza kama mawingu yamekuwa mengi, na kila mara alijibu kwamba mawingu ameyasahau sura. Mara ya nne hakuuliza lolote kuhusu pampu. Alisema mtamba mmoja amekwisha kumpeleka Kisorya kwa shemeji yake, karibu na ziwa, na kwamba Jumatatu vijana wa shemeji watakuja kuchukua waliobaki.

Asiyefuga aelewe uzito wa jambo hili. Ng'ombe akilelewa kwenye boma la mwingine, ndama wanakuwa na mjadala. Maziwa ni ya anayekamua. Shangazi alikuwa mjane, na kwa ng'ombe hao alikuwa na sauti kwenye vikao vya ukoo. "Ng'ombe anaondoka na miguu minne," aliniambia kwenye simu, "anarudi na maneno."

Jumamosi nilipanda basi hadi Bunda, nikaunganisha gari la Nyamuswa. Nilifika saa sita, jua likiwa utosini, saa ambayo bomba lilipaswa kutiririka kwa nguvu. Lilikuwa linatoa uzi mwembamba wa maji. Jirani alikuwa amekuja kutazama.

"Karibu, Madam," alisema. "Tulikuwa tunakusubiri. Hawa ng'ombe tumewasomea nadharia wamekataa kuinywa."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ile pampu yangu inanguruma vizuri tu. Ukiisikia usilie."

Nilikagua waya, hazikuwa zimeliwa na panya. Nikapima volti kwenye kisanduku cha swichi, nikakuta ziko sawa. Hapo ndipo nilipopotea kwa muda, na nitaeleza kwa nini. Volti ni kama msukumo. Paneli iliyofunikwa kidogo bado inatoa msukumo karibu uleule. Kinachopungua ni wingi wa umeme unaopita, na pampu inahitaji vyote viwili. Nawafundisha wanafunzi jambo hili kila mwaka. Siku ile nilisoma volti, nikaridhika, nikahukumu kwamba pampu ndiyo mbovu. Nikamwambia shangazi itabidi tumwite fundi, pengine wiki ijayo.

"Wiki ijayo ng'ombe watakuwa Kisorya," alisema, bila hasira, akaingia jikoni.

Nilipanda ngazi kwa sababu sikuwa na la kufanya jingine. Kutoka chini paneli zilionekana nyeusi kama kawaida. Nilipoweka kidole, kilizama kwenye utando wa kahawia uliokaribia unene wa ganda la yai. Nikanusa. Ilikuwa samli, iliyochanganyika na vumbi la kiangazi chote.

"Shangazi, nani kapaka samli huku?"

Alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Mimi. Kwani?"

"Kwa nini?"

"Kitu kipya kinaingia bomani bila mafuta? Ng'ombe wa mahari tulikuwaga tunawapaka. Wewe mwenyewe ulipozaliwa ulipakwa."

"Ulipaka mara moja?"

"Mwanzoni mara moja. Maji yalipopungua nikaongeza. Yakapungua tena, nikaongeza tena."

Jirani alikaa chini kwenye jiwe kwa kicheko. "Mama, umezikaanga!"

"Wewe nyamaza, hiyo pampu yako inakula kuliko watoto wako."

Mimi sikucheka, maana fundi alimwambia vioo vitunzwe ving'ae, na mimi nilikuwepo. Hakuna aliyemwambia ving'ae kwa kitu gani. Kwenye boma lake kila kinachong'aa, kuanzia ngozi ya mtoto hadi kibuyu, hung'aa kwa mafuta. Alifanya kazi ya mtu makini, kwa samli yake mwenyewe.

Hatukuosha mchana huo. Kioo kilichopigwa na jua kikimwagiwa maji kinaweza kupasuka. Tulisubiri hadi Jumapili alfajiri, tukapasha maji yakawa vuguvugu, tukatia sabuni ya unga. Yeye alisugua paneli mbili, mimi mbili. Maji yaliyoshuka yalikuwa kama mchuzi. Shangazi akakamua kitambaa, akauliza, "Nguzo je? Nazo zinakula jua?"

"Nguzo hapana."

Alikwenda ndani akarudi na kibuyu, akapaka nguzo zote nne, taratibu, kuanzia juu hadi chini. Nilimshikia kibuyu.

Tulipotoka kanisani bomba lilikuwa linamwaga. Birika la kunyweshea lilijaa kabla ya saa nane, na ng'ombe tisa walikunywa bila kusukumana. Shangazi alimpigia simu shemeji yake, akamwambia vijana wasije Jumatatu. Kisha akaulizia yule mtamba. Alisikiliza muda mrefu, akisema "eeh" na "sawa."

"Anasemaje?" nikamuuliza.

"Anasema mtamba amezoea kule."

Akaweka simu mfukoni, akaenda kuwahesabu wale tisa.