Tovuti Iliyokaa Sebuleni

Mwalimu alikuwa na kichwa kigumu, na mimi simlaumu. Alipostaafu shule ya viziwi alirekodi mikono yake ikionyesha ishara mia sita, akaziweka kwenye tovuti ya kampuni iliyotoa huduma bure. Mwaka haukuisha, kampuni ikafunga duka bila hata kwaheri, na kazi yake yote ikaenda na maji. Akarekodi upya. Safari hii akazirusha mtandaoni kutoka kwenye kompyuta yake mwenyewe, pale sebuleni, juu ya stuli.

"Dada, tovuti haikai sebuleni," mdogo wake, fundi wa mitandao, alimwambia kila alipokuja. "Nipe niiweke kwenye mitambo ya kazini kwetu."

Maneno yaliingilia sikio hili yakatokea lile. Miaka mitatu kompyuta ilinguruma bila kuzimwa, na manesi wa hospitali ya jirani wakaizoea tovuti hiyo kila walipopata mgonjwa kiziwi.

Basi mama yao akaja kukaa wiki mbili. Mama huyu na vumbi ni maadui wa kuzaliwa. Asubuhi ya kwanza alifuta kila kitu, na kompyuta akaifunika gubigubi kwa kitambaa kizito alichofuma mwenyewe.

Saa nne simu ikalia. Alikuwa nesi wa wodi ya wazazi. "Mwalimu, tovuti imegoma! Nina mjamzito hapa, hasikii. Nataka kumchoma sindano, anausukuma mkono wangu, simwelewi!"

"Nipigie kwa video. Mwelekezee simu."

Mgonjwa alikinyooshea kidole kichupa cha dawa, kisha mikono yake ikaenda mbio. Mwalimu akapaza sauti.

"Usimchome! Anasema dawa hiyo iliwahi kumvimbisha koo, nusura afe."

Nesi akairudisha sindano kwenye sinia. Mwalimu akaenda sebuleni. Kompyuta ilikuwa imezimika, ya moto kama pasi.

"Niliifunika isiingie vumbi, mwanangu," mama yake alisema. Alipoelezwa yaliyotokea, machozi yakamlengalenga. "Ningeua mtoto wa watu kwa kitambaa!"

"Si wewe, mama. Ni mimi niliyeweka roho za watu juu ya stuli."

Ubishi wake mwenyewe ulimuuma Mwalimu kuliko ilivyowahi kumuuma ile kampuni. Akampigia mdogo wake.

"Njoo uzichukue ishara. Nakala moja inabaki kwangu, maana na nyinyi siwaamini."

Mdogo wake akacheka. "Haya dada, nitapita kesho nikitoka kazini."

"Njoo sasa hivi," alisema Mwalimu. "Yule mama bado hajajifungua."