Protini Isiyotoka kwa Mtu

Niliondoka nyumbani kwa ajili ya Bibi Kahabi, jirani yetu. Mwanangu Masanja alifariki kwa ugonjwa wa moyo akiwa kijana, viwiko na visigino vimejaa vinundu vya mafuta, rangi ya manjano. Ukoo ukasema Kahabi amemroga. Akapewa mpaka siku ya mnada wa ng'ombe awe amehama, la sivyo nyumba yake itachomwa. Mimi nilinyamaza, na ukimya wangu ukawapa nguvu. Ndipo ikaja barua kutoka maabara ya Mwanza, walikopeleka damu ya Masanja alipolazwa: wazazi tukapimwe, tusiwe tumekula tangu jioni. Mke wangu majonzi yalikuwa hayajamwacha ainuke. Nikaenda peke yangu.

Busisi, asubuhi. Kivuko kilijaa malori ya wanunuzi binafsi wa pamba, kila mmoja na bei yake. Mama mmoja akaniuliza, "Baba, unapeleka nini mjini?"

"Damu," nikamjibu. Akahamia upande wa pili.

Mkuyuni, Mwanza, jioni. Nilifikia kwa shemeji yangu Lukas, anayeuza mitumba tangu apunguzwe kiwandani. Mkewe akaleta ugali na samaki, sato. Nikasema nimekatazwa kula.

"Shemeji, umekuja kunitukana?" akasema Lukas. "Mfiwa alale njaa kwangu, dada yangu nitamwambia nini?"

Kwetu chakula cha pole hakikataliwi. Nikala.

Kesho yake, maabara. Daktari alikuwa binti wa rika la Masanja. "Shikamoo, baba. Hujala?"

"Marahaba. Nimekula. Sato mzima."

Akacheka. "Wengine hunificha, halafu mafuta kwenye damu yanawasema. Rudi kesho."

Jioni hiyo Lukas naye hakula, ili nisikae na njaa peke yangu. "Tumbo langu likinguruma," alisema, "mwambie daktari nalo alipime."

Siku ya tatu nilitolewa damu. Kisha daktari akafungua friji, akanionyesha kichupa kidogo kuliko kidole changu. Ndani mlikuwa na unga mweupe, kama chumvi iliyobaki mkononi.

"Hii ni protini ya binadamu," alisema. "Inabeba mafuta ya kwenye damu na kuyafikisha kwenye ini."

"Mmeitoa kwa nani?"

"Hakuna mtu aliyetolewa. Maagizo ya kuitengeneza, yale yaliyomo mwilini mwa mtu, yaliingizwa kwenye vijidudu. Vinafugwa, vinalishwa, vinaitengeneza."

"Mnavichunga kama ng'ombe?"

"Kama ng'ombe, baba. Na haya ndiyo maziwa yao."

Nilivua kofia. Kitu cha mwili wa mtu, na hakuna mama aliyekibeba! Sijawahi kusimama mbele ya kitu kidogo nikajiona mdogo namna ile.

Baada ya siku mbili alinionyesha picha ya kipimo cha ile protini, yenye safu tatu. Ya kwanza ilikuwa ya kichupa: mstari mweusi, mnene. Ya pili yangu: mstari hafifu. Ya tatu ya Masanja. Hapakuwa na kitu.

Niliweka kidole pale peupe.

"Alizaliwa bila hiyo protini," alisema taratibu. "Wewe unayo nusu. Nadhani na mama yake hivyo hivyo. Kila mmoja alimpa maagizo yenye kasoro, bila kujua."

"Hakuna mtu mwingine aliyehusika?"

"Mtu gani tena, baba?"

Nikashindwa kulitaja jina la Kahabi mle ndani. Nikauliza kwa nini mwanangu hakupewa kile kichupa. Akasema bado si dawa, ni cha utafiti tu. Macho yake yalikuwa mekundu.

Nilifika nyumbani siku moja kabla ya mnada, nikasimama mbele ya ukoo na ile picha.

"Masanja karogwa na karatasi?" akauliza kaka yangu.

"Ugonjwa ulitoka kwetu tuliomzaa," nikasema. "Atakayechoma nyumba ya Kahabi, aanze na yangu."

Kaka yangu akaketi. Nilichojifunza ni hiki: vijidudu visivyo na macho vinatengeneza kile ambacho mwili wangu haukuweza kumpa mwanangu. Lakini neno la kumwokoa Kahabi nilikuwa nalo siku zote.

Nilimkuta ameketi juu ya mzigo wake, umefungwa kwa kamba ya katani.

"Shikamoo, mama."

Tangu msiba hakuna aliyemwamkia.

"Marahaba," akasema. Nikapiga magoti, nikaanza kufungua kamba.