Kadi Mpya na Kifuniko Chake

"Mtoto hajaigusa?" fundi aliniuliza kwenye simu.

Hapo ndipo nilipochoka. Mwanangu alikuwa na miezi mitano. Hata kukaa alikuwa hajui. Vitu alivyowahi kugusa kwa hiari yake vilikuwa ziwa langu na sikio langu. Nikasema, "Hajaigusa, baba. Asante, baba." Nikakata simu, nikamfunga mtoto mgongoni, nikachana ile stika ya waranti iliyobandikwa ubavuni mwa kompyuta, ile inayosema ukiichana huna lako. Niliichana kwa kucha. Bisibisi nilichukua baadaye.

Ilikuwa Alhamisi. Tangu Jumatatu kioo cha kompyuta yangu kilikuwa cheusi.

Nina kibanda Utemini, nahariri video za harusi, ubarikio na mahafali. Kabla ya Jumatatu hiyo mama mmoja aliniletea flashi na bahasha ya picha. Binti aliyemlea, mtoto wa marehemu mdogo wake, alikuwa anafanyiwa sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, Jumamosi. Mama wa huyo binti alifariki binti akiwa darasa la pili. Kwenye flashi kulikuwa na kipande kifupi cha video: marehemu yuko uani anapepeta alizeti, anaongea, na upepo unapiga kiasi kwamba husikii kitu.

"Binti haikumbuki sauti ya mama yake," yule mama aliniambia. "Upepo huo unaweza kuutoa?"

Nikasema naweza. Kweli naweza, ila ni kazi ya siku nne, kipande kwa kipande, na kompyuta yangu ilikuwa inaganda kila nikifungua video. Kwa hiyo nikanunua kadi ya grafiki, kile kifaa cha ndani kinachotengeneza picha na kuipeleka kwenye kioo. Ile ya zamani duka likaichukua kama sehemu ya malipo.

Fundi wa duka ni mtu mzima, rafiki wa baba mkwe wangu. Alikuja Jumatatu, nikamwamkia, akaniuliza habari za wakwe mmoja mmoja, akafunga kadi, akafunika, akabandika stika, akawasha. Feni ikazunguka. Taa ikawaka. Kioo kikabaki cheusi.

"Inajitambua kwanza," akasema. "Mpya hizi zina taratibu zake."

Akanywa chai, akaondoka. Ikaendelea kujitambua hadi Jumanne.

Jumanne alikuja na raba ya penseli. Akachomoa mabamba ya kumbukumbu, yale wanayoyaita RAM, akayasugua kwa raba, akayarudisha, akabandika stika nyingine. Stika alikuwa nazo mfukoni, rola nzima. Kioo cheusi. Jumatano akasema kioo changu kimekufa, akaazima TV ya saluni ya jirani. TV ikasema haioni kitu.

"Basi na hii ni mbovu," akasema.

Wateja wa saluni walikuwa wanaiangalia dakika kumi kabla.

Mimi nilikuwa nimesoma karatasi iliyokuja ndani ya boksi. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, lakini picha haihitaji kidato: waya wa umeme unatoka kwenye pawa saplai unaingia kwenye mkia wa kadi. Nikamuuliza, "Baba, na huu waya umechomekwa?"

"Mwanangu, mimi nimeanza kutengeneza redio kabla baba yako hajaoa."

Kwetu jibu la hapo halipo. Unasema asante. Jioni nikamwambia mume wangu.

"Usimwambie amekosea," akasema. "Muulize tu."

"Nimemuuliza."

"Basi muulize tena."

Alhamisi asubuhi nikampigia, nikamuuliza tena. Jibu lake ndilo lile la mtoto.

Nikafungua. Kadi ilikuwa mahali pake, imekaa vizuri. Kwenye tundu la umeme kulikuwa na kifuniko cheusi cha mpira, kile cha kiwandani. Waya wa umeme ulikuwa pembeni, umekunjwa na kufungwa kwa rababendi, nadhifu kabisa. Nikakumbuka maneno yake siku ya Jumatatu akiwa ameinama pale: "Kwa upepo wa hapa na hili vumbi, kitu kipya unakiacha na nguo zake." Na mimi niliitikia kwa kichwa. Siwezi kumcheka sana. Kioo changu chenyewe kilikuwa bado na nailoni ya dukani, na makochi ya mama mkwe yana mwaka wa tatu hakuna mtu aliyewahi kugusa kitambaa chake.

Nikavua kifuniko, nikachomeka waya. Kioo kikawaka. Ilichukua muda mfupi kuliko salamu zake. Mtoto alikuwa amelala mgongoni, hakushuhudia.

Zilibaki siku mbili. Nilipanga picha, nikaweka muziki, nikaanza kutoa upepo. Hadi Jumamosi mchana nilikuwa nimesafisha sentensi moja.

Ukumbini marehemu alitokea ukutani na ungo wake. Mdomo ukacheza, upepo ukavuma. Halafu ikaja ile moja, safi: "Njoo ushike ungo, mwanangu." Halafu upepo tena.

Binti akachukua maiki kwa mshereheshaji. "Rudisheni," akasema. Wakarudisha. Wakarudisha mara tatu. Baadaye akanifuata nilipokuwa nakunja nyaya.

"Na hapo kwingine anasema nini?"

"Bado sijajua."

Yule mama aliyenipa kazi alikuwa nyuma yake. Hakunilaumu. Hakuniangalia pia. Sehemu iliyobaki nilimtumia binti kwenye simu wiki mbili baadaye, akiwa ameshakwenda Rungwa kwa mume. Lakini siku ya kuisikia akiwa na ndugu zake wote ilikuwa Jumamosi ile.

Jumatatu iliyofuata sendofu nikaenda dukani. Fundi alikuwepo. Nikamwamkia, akaitikia. Nikaeleza nilichokikuta ndani ya kompyuta.

"Stika kachana nani?" mwenye duka akauliza.

"Mimi."

"Basi waranti hakuna."

"Sijaja kwa waranti. Nataka huyu mzee aseme alisahau."

"Sikusahau," fundi akasema.

Na ni kweli, hakusahau. Nikarudi kibandani, nikaandika barua hii, nikaichapa, nikaipeleka dukani, na nakala nikaifikisha ofisi ya mtendaji wa kata ikagongwa muhuri:

*YAH: KOMPYUTA KUTOONYESHA KITU SIKU NNE*

*Salamu nimeziacha makusudi. Nimewasalimu vya kutosha Jumatatu hadi Alhamisi.*

*Fundi wenu alifunga kadi bila kuipa umeme kwa kuwa hakutaka kuivua kifuniko. Nilimuuliza mara mbili. Mara ya kwanza alinijibu kwa umri wake, mara ya pili kwa mtoto wangu. Kwa ajili hiyo kazi ya mteja ilifika ukumbini haijaisha, na siku ile haitarudi. Stika niliichana mimi.*

*Sidai fedha. Naomba mniandikie kwamba kosa lilikuwa la fundi, si la mtoto wa miezi mitano. Na kuanzia sasa fundi avue vifuniko mbele ya mteja, mteja akihesabu.*

*Kiambatisho: kifuniko kimoja cha mpira, cheusi.*