Kipengele cha Saba

Nilichaguliwa kuwa katibu wa msafara wa pikipiki kwenda Malawi kwa sababu moja tu: nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, na cheti changu nilikitundika sebuleni mahali ambapo mgeni hakuweza kukaa kabla hajakisoma. Hakuna aliyeniuliza kama najua kuendesha pikipiki. Nami, mtu wa maneno elfu kwa saa, jambo hilo moja sikulisema.

Tulikuwa wanne. Mwenyekiti alikuwa mkuu wa masjala ofisini kwetu, mzee wa Bukoba aliyebakiza miaka miwili astaafu. Wa pili alikuwa bibi shamba wa Makutupora, Mgogo wa hapa hapa Dodoma, aliyeshinda juu ya pikipiki akikagua mizabibu ya wakulima. Wa tatu alikuwa na duka la spea mjini. Mababu zake walifika Dodoma na misafara ya biashara, wakachoka, wakajenga. Wa nne mimi.

Pikipiki tulizipata mradi mmoja wa wafadhili ulipofungwa na vifaa vyake vikauzwa kwa watumishi. Mwenye duka alinunua yake kwa mtumishi aliyeghairi. Miaka ile kila kitu kilikuwa kinafunguliwa: maduka, redio, mipaka, hata midomo. Jumamosi moja, tumekaa kwenye makreti nyuma ya duka la spea, mzee akasema, "Jamani, sijawahi kutoka nje ya nchi hii. Twendeni tukatembee tu."

Hilo "tu" ndilo lililowashinda watu. Tulipokwenda kuomba hati za kusafiria, afisa alitutazama mmoja mmoja.

"Mnakwenda kununua nini?"

"Hatununui kitu," mzee akajibu.

"Kuuza?"

"Hatuuzi."

"Sasa mnakimbia nini?"

Wenzangu walicheka hadi nje. Mimi jasho lilinitoka la kujaza karai, maana nilijua ninachotaka kukimbia: pikipiki yenyewe. Nilijifunza peke yangu kwenye viwanja vitupu vya Nzuguni, na sikuwahi kupita gia ya tatu. Ya nne niliisikia kama watu wanavyoisikia Ulaya.

Halafu ukaja mwendo wa majaribio hadi Ihumwa. Nilijipanga nyuma kabisa, nikasema katibu lazima aone msafara wote. Basi lilinipita limejaa magunia juu, likanipigia honi, na upepo wake ukanisukuma kama karatasi. Nikaingia mtaroni, pikipiki ikanilalia, ekzosi ikaning'ang'ania mguuni. Nililia kwa sauti ambayo nina hakika ilisikika Morogoro. Kisha nikajipangusa, nikawafuata kwa gia ya pili.

"Ulikuwa wapi?" mwenye duka akauliza.

"Nilisimama kuangalia mandhari."

"Mandhari gani Ihumwa, Katibu? Reli?"

Jioni nikaandika muhtasari: *Jaribio lilifanyika kwa mafanikio makubwa. Wajumbe wote walionyesha ari ya hali ya juu.* Ofisini kwetu kilichoandikwa kwenye muhtasari ndicho kilichotokea, na mkutano uliofuata wote waliuthibitisha kwa kunyoosha mikono. Nami nikanyoosha wangu.

Tangu hapo hofu ikahamia kwangu na mizigo yake. Njia yetu ilikuwa kushuka Mtera, kupanda milima ya Nyang'oro hadi Iringa, kisha Mbeya hadi mpakani. Mwenye duka alipenda kutusimulia Nyang'oro. "Kuna kona pale," alisema akimenya karanga, "ukichungulia chini unaliona basi la mwaka juzi. Wameshindwa kulitoa." Yeye alikuwa anatafuna, mimi meno yalikuwa yanagongana. Nikawa nikisikia pikipiki inapita barabarani, chai inamwagika kikombeni.

Ndipo nikapata akili, au kilichofanana nayo. Nikaona nikitengeneza fomu ya kutisha, mmoja wao atajitoa kabla yangu. Nami nitaandika kwa masikitiko kwamba safari imeahirishwa. Nikapiga chapa Fomu ya Msafiri, nakala nne. Jina, kundi la damu, mtu wa kupewa taarifa. Kipengele cha saba kikasema: *Endapo mjumbe atafariki safarini, mwili wake upelekwe wapi, na usindikizwe na nani?*

Kwa Dodoma ya watumishi, hilo si swali la mchezo. Nusu ya ofisi imetoka mbali. Mwenzetu akifariki, ofisi inatafuta lori, inachagua wasindikizaji, na sanduku linakwenda siku mbili au tatu hadi kwao. Kila mmoja wetu amewahi kukaa kwenye lori hilo, magoti yakigusa mbao. Mimi mwenyewe nimesindikiza mara mbili.

Niligawa fomu. Hata karanga zikasimama.

"Katibu," mzee akasema akiikunja yake, "hii ni kazi safi sana. Tujaze nyumbani, tuzilete Jumamosi."

Nilirudi nyumbani Nzuguni nimeishiwa ujanja. Mke wangu, aliyekuwa akinipaka asali kwenye kidonda cha mguu bila kuuliza mengi, aliiona fomu mezani. Akaisoma yote.

"Umetunga wewe?"

"Ni utaratibu."

"Mguu umeungua, chai unamwaga, na sasa unawauliza watu watazikwa wapi." Akaikunja fomu, akanirudishia. "Neno lenyewe ni moja tu, baba. Kwa nini huwaambii?"

Nikainua macho, nikakitazama cheti changu ukutani.

Jumamosi mzee akataka fomu zisomwe kwa sauti. Yeye alikuwa ameandika Bukoba, na msindikizaji bibi shamba. "Kutoka Malawi hadi Bukoba, mzee!" mwenye duka akapiga kelele. "Utatuzungusha nchi nzima! Mimi mnizike hapo hapo nilipoanguka, siku hiyo hiyo, mnisalie, muendelee." Bibi shamba alikuwa ameandika Makutupora, na swali chini: *Pikipiki yangu ataiendesha nani kurudi?*

"Na ya Katibu?" mzee akauliza.

Nikaitoa. Kipengele cha saba kilikuwa kitupu.

"Naogopa," nikasema.

"Nini?"

"Yote. Kuanzia gia ya nne."

Hawakucheka. Bibi shamba akakunja mikono. "Nilikuona mtaroni Ihumwa. Niligeuka nyuma."

"Dada, mbona hukusema?" nikauliza.

"Nilikuwa nangoja muhtasari. Ukaandika mafanikio makubwa."

Hapo ndipo walipocheka, na mimi masikio yakawaka moto. Mzee alinyoosha kidole kwenye daftari langu. "Andika. Katibu amesema anaogopa." Nikaandika. "Haya, na mimi uniandike," akaongeza taratibu. "Hizo kona za Nyang'oro, tangu nisimuliwe sijala vizuri."

Bibi shamba akatoa uamuzi ambao hakuna aliyeupinga. "Kesho saa moja asubuhi, Makutupora. Ukiingiza gia ya nne kati ya mizabibu, tunakwenda wanne, na wewe unakaa katikati. Ukishindwa, tunakwenda watatu."

Vibarua walikuwa wanavuna. Waliacha vikapu, wakajipanga kunitazama kama mechi ya fainali. Nilianguka mara mia tatu. Bibi shamba anasema nne. Mara ya tano nikabana klachi, nikasukuma mguu, na injini ikashusha sauti, ikatulia. Sikufurahi. Niliona mizabibu inakimbia pembeni na nikajua kwamba sasa sina sababu ya kubaki.

Nikaisimamisha pikipiki kwenye ukingo wa shamba, nikatoa fomu, nikaiweka juu ya tangi la mafuta. Kipengele cha saba nikakijaza: *Nzuguni. Asindikizwe na mkewe.* Mkono ulitetemeka hadi nukta ya mwisho, na mwandiko ulionyesha hivyo. Sikuurudia.